Jiwe Lililoitwa Jaduong'

Enzi zetu jiwe lilikuwa na jina, na usipolisalimu ulitozwa faini ya kuchota maji. Nawaambia ninyi wenzangu mliokulia kati ya Homa Bay na Migori miaka ya tisini, kwa sababu vijana wa leo nikianza kuwasimulia wananitazama kama mtu aliyeanguka kutoka kwa baiskeli na kutua kwa kichwa. Kwao jiwe ni kitu cha kuzuia mlango. Sisi tulikuwa na mawe tuliyoyaogesha Ijumaa jioni ili yaingie Sabato yakiwa safi.

Nyumbani kwa Dani, yaani nyanya yetu, palikuwa juu kidogo ya ziwa, mwendo wa kuingiza vumbi kwenye viatu kutoka soko la Kisegi. Pale ufuoni mawe yalikuwa ya kila namna: meusi, ya kijivu, na mengine mekundu kama maini ya mbuzi. Binamu yangu Ouma, mtoto wa shangazi aliyeolewa upande wa Migori kwenye mashimo ya dhahabu, alikuja kila likizo na gunia. Mama yake alimfungia nguo, yeye akazitoa nyuma ya nyumba na kujaza mawe. Kwa hiyo Ouma alimaliza likizo nzima na kaptura moja, lakini mawe yake! Meupe yenye kumetameta, ya kijani kama ukungu wa mtungi, na mengine yenye mistari ambayo alidai ni ya dhahabu. Dhahabu yenyewe hatukuwahi kuiona, na wala hatukuitafuta. Tulichotaka ni mng'aro.

Kazi ya kung'arisha ilikuwa na utaratibu wake na ole wako uruke hatua. Kwanza ulisugua jiwe juu ya kipande cha jiwe la kusagia wimbi, kwa maji na mchanga wa ziwa. Kisha mchanga laini. Kisha majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Kisha jivu. Mwisho samli, ukisugua kwa kiganja mpaka jiwe lipate joto la mtu. Viganja vyetu viliota sugu hata mwalimu wetu wa kilimo akatusifu mbele ya darasa kwamba sisi ndio watoto pekee wanaosaidia wazazi shambani. Mama yangu alipozisikia sifa hizo alicheka mpaka akaketi chini.

Mawe magumu, yaliyoshinda mikono, tulimpa punda. Punda wa Dani aliitwa Minista kwa sababu alitembea mbele ya watu kwa madaha na hakufanya kazi yoyote asipotazamwa. Kazi yake ilikuwa kubeba mitungi ya plastiki kutoka ziwani. Sisi tuliongeza mtungi mmoja wetu, ndani yake mawe, mchanga na maji, mdomo tukauziba kwa karatasi ya nailoni. Minista akienda ziwani na kurudi, mawe yalisuguana yenyewe, krwa-krwa-krwa, mpaka watu waliokuwa ndani ya nyumba zao walijua Minista amefika wapi. Muhula ukiisha, mawe yalitoka humo laini kama mayai. Kiwanda chetu kilikula nyasi, na kikichoka kililala barabarani.

Jiwe likishang'aa lilipewa jina, na wazazi wawili kati yetu, mtu asije akajidai kuwa ni lake peke yake. Tulikuwa na Hedimasta, bapa na zito, ambalo hata ulipake samli ya ng'ombe watatu halikutabasamu. Tulikuwa na Mama Mkwe, tuliloliweka kando kwenye kona na kulipitia kwa heshima, macho chini. Tulicheka, lakini pia tuliogopa kidogo. Kulirusha jiwe lenye jina lilikuwa kosa la kukufukuzisha kwenye chama chetu cha mawe.

Sasa mwaka ule wa El Nino, kabla mvua hazijaanza, babu alikufa. Babu Okumu alikuwa mtu mwembamba mwenye kichwa kikubwa cha upara, na juu ya sikio la kushoto alikuwa na kishimo alichoachiwa na kwato ya ng'ombe. Walipomzika, Dani alinyamaza. Si kunyamaza kwa kawaida. Saa ya taarifa ya habari aliwasha redio, kwa sababu babu alikuwa akiiwasha, kisha akaketi kukitazama kigoda chake kitupu. Anti Phelgona, mke wa baba mdogo, alimpikia kila alichopenda, nyoyo ya mahindi na maharagwe, samaki wa kuchemsha, uji wa wimbi wenye ndimu. Dani aliusukuma ule uji na kusema, "Nimeshiba, nyathina, mwanangu." Alikuwa hajala kitu. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana juu ya gauni, na usiku tulilala tukiogopa kwamba tutaamka tumwite asiitike.

Likizo ya Agosti Ouma akaja na jiwe jipya, ukubwa wa papai dogo, lililochimbuliwa na wanaume shimoni karibu na kwao. Lilikuwa la kijivujivu, lenye harufu tamu ya ardhi inayonyeshewa mara ya kwanza. Tulipolipiga msasa tulishangazwa na ufundi wetu wenyewe. Kazi ya muhula mzima tuliimaliza siku chache! Ouma akasema mikono yetu imekomaa. Tukalipaka jivu, tukalipaka masizi na samli, nalo likageuka la rangi ya kahawia iliyoiva, likang'aa kama kichwa cha mtu aliyetoka kuoga.

Dani akapita na ungo wa omena. Akasimama. Akauweka ungo chini, kuku wakaanza kula omena na yeye hata hakuwafukuza. Aliliinua lile jiwe kwa mikono miwili, akaligeuza, na upande wa kushoto, juu kidogo, palikuwa na kishimo.

"Yawa!" akasema. "Huyu si Jaduong'?"

Jaduong' maana yake ni mzee, na ndivyo alivyomwita mumewe maisha yake yote. Akamchukua ndani, akamweka juu ya kigoda. Jioni ile akaomba ugali. Akala huku akimweleza Jaduong' jinsi Minista alivyoingia kwenye sukumawiki za jirani, na alipofika mahali pa kuchekesha alicheka mwenyewe. Anti Phelgona alikimbilia jikoni akalia machozi ya furaha ndani ya leso. Sisi wazazi wa lile jiwe tuliketi tumevimba vichwa kama madaktari.

Basi Jaduong' akawa mtu wa nyumbani. Hakuna aliyekaa kwenye kigoda chake, na ukiingia ndani ulimsalimu kwanza. Dani alimuuliza kama mahindi yapandwe mapema, na kwa kuwa hakupinga, yakapandwa. Redio ikileta habari mbaya aliipunguza sauti ili asiudhike. Anti Phelgona ndiye aliyepata taabu, maana kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wana heshima zao. Hampeani mikono, hamli sahani moja, na kigoda chake hukigusi. Anti akiingia kufagia alifunika kichwa kwa leso na kufagia kinyumenyume, mgongo kwa jiwe.

Habari zikafika kanisani. Mzee wa kanisa, Mzee Elisha, akaja amevaa koti, na Biblia kwapani.

"Mama, nasikia unaabudu jiwe."

"Siliabudu. Naongea nalo tu."

"Ni hali moja."

"Wewe unaongea na ng'ombe wako kila asubuhi nikikusikia. Unawaabudu?"

Mzee Elisha alifikiri. Alikunywa chai, akala ndizi, akasema hilo jiwe ni pumbavu na halina masikio, akaomba, akainuka. Mlangoni akageuka, akavua kofia akasema, "Haya, Jaduong', tutaonana." Akashtuka na kutoka haraka. Dani alifurahi wiki nzima.

Likizo ya Desemba Ouma aliporudi, mvua zilikuwa zimevunja barabara. Daraja lilikuwa limekwenda na maji, magari hayafiki, na soko la Kisegi lilikuwa na matope na akina mama wawili watatu tu. Ouma aliingia kumsalimu Jaduong', akatoka uso umembadilika.

"Adhiambo, mzee amekonda."

Nikadhani ni utani. Nikaenda kuangalia. Kweli, papai limekuwa embe. Tukamuuliza Dani kwa njia ya kuzungukazunguka, naye hakushtuka hata kidogo. "Mvua ikiwa nyingi hukonda," akasema. "Hata zamani msimu wa palizi nilikuwa nampunguzia mshipi."

Wiki iliyofuata embe likawa pera. Kishimo cha juu ya sikio kikatoweka pamoja na sikio. Dani akaanza kumtazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, na siku moja akaacha nusu ya ugali kwenye sahani. Nilimwambia Ouma kwamba jiwe likiisha, Dani anaisha. Naye alikuwa amewaza hivyo hivyo.

Tulishuku panya. Panya wa El Nino walikuwa wanakula hata sabuni. Basi mchana mmoja, Dani akiwa shambani, tukajificha chini ya kitanda chake katikati ya magunia ya njugu, Ouma na rungu, mimi na sufuria ya kumfunika huyo panya. Mlango ukafunguka taratibu.

Akaingia Anti Phelgona. Alikuwa mjamzito wakati huo, tumbo limetangulia. Akachungulia nje. Akafunika kichwa kwa leso, akapiga magoti mbele ya kigoda, uso ameugeuzia ukutani kwa heshima kama inavyotakiwa. Akanyoosha mkono bila kutazama, akampapasa Jaduong', akamchukua.

"Nisamehe, baba," akasema.

Akamng'ata. Kracha!

Alimtafuna macho amefumba, kwa raha ambayo sijaiona tena kwa binadamu mpaka leo. Kisha akampangusa kwa leso, akamrudisha, akaondoka kinyumenyume. Ouma rungu lilimtoka mkononi.

Ndipo tukaelewa. Lile jiwe halikuwa jiwe kama mengine. Lilikuwa odowa, lile jiwe laini linalouzwa sokoni, ambalo wajawazito wa kwetu hulitafuna kama biskuti na wasipolipata hawalali. Masizi na samli yetu ndiyo yaliyolificha. Ufundi wa mikono yetu haukuwa ufundi, tulikuwa tumepiga msasa chakula. Na barabara ilipovunjika, odowa ikakosekana sokoni, na Anti wa watu akafagia, akafagia, mpaka pua ikamwambia kilichoko juu ya kigoda. Mwanamke ambaye hakuruhusiwa hata kuketi karibu na baba mkwe alikuwa amemla mpaka mabegani.

Tungefanya nini? Kumsema Anti ilikuwa kuvunja nyumba. Kunyamaza ilikuwa kumwacha Dani afe. Ouma, ambaye ukubwani amekuwa mtu wa kufikiri, wakati ule alikuwa mtu wa kutenda. Akaenda ufuoni akatafuta jiwe gumu la kahawia, ukubwa wa Jaduong' wa Agosti, akalichonga kishimo kwa msumari, akalitia kwenye mtungi wa Minista baada ya kuukata mdomo ili liingie. Tungelibadilisha siri siri na kusema mzee amenenepa. Minista alizunguka nalo siku kadhaa, krwa-krwa-krwa, ndani ya mvua.

Lakini siku ambayo jiwe lilikuwa tayari, Minista aliona wingu jeusi, akakata shauri mwenyewe, akaingia kwenye boma la kwanza lililokuwa na kibanda. Lilikuwa la Mzee Elisha. Mke wake alidhani wameletewa maji na majirani wema. Akafungua mitungi akamimina kwenye chungu cha kunywea.

Jioni hiyo hiyo Dani alirudi kutoka shambani akakuta kigoda kitupu. Alizima redio katikati ya habari, akaketi chini sakafuni, akafunika miguu kwa gauni. Anti alikuwa mlangoni ameganda na sufuria mkononi. Mimi nilianza kulia, na sioni aibu kusema, kwa sababu niliuona uso ule wa baada ya mazishi ukirudi.

Na ndipo Mzee Elisha akaingia bila kubisha, amelowa chapachapa, amekumbatia kitu ndani ya koti.

"Mama, mchukue mtu wako. Nilimtukana, na amenifuata mpaka nyumbani. Tumemkuta ndani ya chungu cha maji, anatutazama."

Akalitoa jiwe la Ouma, kahawia, linang'aa, na kishimo chake. Akalikabidhi kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua kubwa.

Dani alilishika. Kwa muda mfupi macho yake yalipata nuru. Kisha akalipima mkononi, juu, chini.

"Huyu si wangu," akasema. "Huyu ni mzito. Wangu alikuwa mwepesi, upepo wa ziwa ulikuwa unamhamisha." Akatugeukia. "Wangu yuko wapi?"

Mimi nikamtazama Ouma. Ouma akamtazama Anti. Minista, aliyerudi na Mzee Elisha, akalia huko nje, na wakati ule sauti yake ilikuwa kama ya shahidi. Anti Phelgona akaweka sufuria chini, akapiga magoti, tumbo na yote.

"Mama, nimemla."

"Umemla nani?"

"Baba."

Mzee Elisha akaketi kwa ghafla, na alipotazama alipoketi akakuta ni kwenye kigoda cha Jaduong', akaruka kama aliyeketi juu ya makaa. Hakuna aliyecheka. Anti alieleza yote akilia, harufu ya mvua, barabara, jinsi alivyoapa kila siku kwamba ni kipande kimoja tu, jinsi alivyokuwa anaomba msamaha kabla ya kula. Dani alisikiliza bila kupepesa.

"Umemmaliza?"

Anti akafungua fundo la leso. Ndani palikuwa na kipande kidogo kama punje ya haragwe. "Huyu nilishindwa, Mama. Nilimhurumia."

Dani akakichukua, akakinusa, akafumba macho. Nilifikiri sasa ndio mwisho. Halafu akamtazama Anti usoni, akateremsha macho mpaka tumboni, akakaa hapo. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Haya malizia," akasema, na kumrudishia kile kipande. "Usimwache mzee wa watu nusu ndani nusu nje na mvua hii."

Anti akatafuna mbele yetu sote, kwa machozi. Mzee Elisha alisema amina, sijui kwa nini. Kisha Dani akawasha redio na kuuliza chakula kiko wapi.

Mtoto alizaliwa barabara zikiwa hazijatengenezwa. Mvulana. Alilia mchana kutwa, na kwetu mtoto hulia mpaka aitwe jina la marehemu analolitaka, wakamwita la huyu na la yule, wapi! Dani akaingia, akainama, akamwambia sikioni, "Okumu, nyamaza, taarifa ya habari inaanza." Akanyamaza. Tangu siku ile Dani alikuwa na mtu wa kuongea naye, na huyu alijibu. Hadi leo sisi tunamwita Jaduong'.

Sasa ni kijana mzima, anauza simu mjini Migori, na upara umemwanza mapema sana, kichwa chote kinang'aa. Ukimwambia habari ya jiwe anasema, "Wacha zako, Dada, hiyo ni stori ya kutisha watoto." Yeye na wenzake hawakusanyi kitu kinachoshikika. Wana picha elfu za chakula walichokula na hawajui jina la jiwe lolote. Wakishindwa kulala wanabonyeza kioo, nacho hakipati joto la mtu hata ukisugue mpaka asubuhi. Sisi tulikuwa na viganja vigumu na usingizi mzito.

Lakini nimtendee haki. Dani alipozeeka sana alitusahau sote, mmoja mmoja. Mimi niliitwa Ouma, Ouma akaitwa Minista. Ila Okumu akija kutoka Migori na kuketi kwenye kile kigoda, Dani aliomba samli. Alimpaka kichwani polepole, kwa kiganja, akizungusha, kama tulivyokuwa tukifanya sisi na mawe yetu, huku akimpa habari za boma. Na kijana wa watu, mwenye simu mbili mfukoni zikilia, alizizima akatulia mpaka Dani atosheke.

Dani tulimzika mvua zilizopita. Kigoda nilikileta kwangu Homa Bay, nikakiweka dirishani karibu na Hedimasta na Mama Mkwe, na hapaketi mtu. Mawe yamepoteza mng'aro, maana mimi ni mtu wa kazi siku hizi na samli inauzwa ndani ya kopo. Mwezi uliopita Okumu akaja bila kusema anakuja. Hakuomba chai. Aliketi kwenye kigoda, akavua kofia, akainamisha kichwa.

Nikaenda jikoni kutafuta samli.